Mdudu Huyu Umemkuta Kwenye Jani Gani?

Kama uko Bunju au Mabwepande unamalizia kumwagilia bustani, pole na kazi. Kama uko Mbagala au Chamazi umekaa barazani unachambua mboga ya usiku, shikamoo mama, shikamoo baba, nanyi vijana mliokaa hapo karibu, hamjambo? Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kiumbe mdogo asiye na adabu ya kubisha hodi. Tuseme umekwenda uani kuchuma matembele. Umegeuza jani, na chini yake yupo mdudu ambaye hujapata kumwona. Swali linalomjia mtu upesi ni "Mdudu gani huyu?" Na hata kabla hilo halijapata jibu, la pili limeshatoka: "Ile dawa ya kupuliza iko wapi?" Basi jioni hii naomba maswali hayo mawili tuyaweke kando kidogo, tuanze na jingine. Umemkuta kwenye jani gani, na pale juu ya jani anafanya nini? Hoja yangu ndiyo hiyo, na nitairudia mara kadhaa ili anayefungulia redio sasa hivi asipitwe: jani na kazi anayoifanya mdudu ni mashahidi wa kuaminika kuliko sura na rangi yake.

Mgeni akihamia mtaani, mjumbe wa shina haanzi kwa kumkagua shati. Humuuliza amefikia kwa nani, na shughuli yake ni ipi. Akishayajua hayo, jina ataliandika kwenye daftari bila tabu. Kwa mdudu ni hivyo hivyo, na sababu yake inaeleweka. Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Unajilinda kwa uchungu, kwa harufu, kwa utomvu unaonata, na kila ukoo wa mimea una ulinzi wake. Mdudu anayetaka kuishi kwa kula majani hana budi kuzoea ulinzi huo, na aliyezoea wa ukoo mmoja mara nyingi hawezi wa ukoo mwingine. Ndiyo maana wengi wao wanachagua sana. Ukijua jani, umeshaondoa maelfu ya majina yasiyohusika, na bado hata miguu yake hujaihesabu.

Chukua mlimao, mti ambao nyumba nyingi za Tegeta, Boko au Toangoma zinao mmoja uani, hata kama ni mche tu ndani ya ndoo. Kwenye jani changa la mlimao utakuta kitu cha kahawia chenye baka jeupe, kinafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Siku kadhaa baadaye, kwenye mti ule ule, unamkuta kiwavi mnene wa kijani mwenye mabaka ubavuni. Ukimgusa anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa na kutoa harufu kali. Watoto wanakimbia, mama anasema msimguse ana sumu, na mwingine anakwenda kuchukua mafuta ya taa. Mtu anayefuata sura ataapa kwamba ameona wadudu wawili tofauti. Anayefuata jani ataanza kushuku kwamba ni mmoja, na atakuwa amepatia. Huyo mmoja ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano mpauko anayepitapita uani mchana wa jua, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike lake huonja jani kwa miguu ya mbele kabla ya kutaga, na hutafuta jamii ya milimao, mindimu na michungwa. Kiwavi huyo hana sumu ya kumdhuru mtu. Pembe zile ni vitisho kwa ndege na wadudu wanaomwinda. Kama mche wako ni mdogo, viwavi watatu wanaweza kuumaliza, kwa hiyo watoe kwa mkono. Kama mti ni mkubwa, utachipua tena, na kipepeo utampata.

Sasa tusogee kwenye rangi, maana hapo ndipo wengi tunapotapeliwa. Tulisema umegeuza jani la tembele. Yupo mbawakawa mdogo anayeishi hapo, mviringo, ana kingo angavu kama kioo, na mgongo wake unang'aa dhahabu tupu. Ukimweka kwenye kichupa ili umwonyeshe mtu kesho, kesho utakuta mdudu wa kahawia asiye na mvuto, kwa sababu ile dhahabu hutoweka anapokufa. Rangi uliyotaka iwe kitambulisho imekufa pamoja naye. Je, jani nalo limepoteza ushahidi? Hapana. Matundu ya mviringo kwenye matembele yapo vile vile, na chini ya majani ya jirani huenda wakawapo watoto wake, wenye miiba ubavuni, wamejitwika mgongoni ngozi zao kuukuu na uchafu wao wenyewe. Ukiona hayo kwenye tembele, umeshamjua mwenye kazi hata kama hujui jina lake la kitabuni.

Mfano mwingine wa rangi ni mgumu zaidi, na naomba unisikilize vizuri hapa. Unamfahamu yule mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumtembeza mkononi. Wengi tumesikia kwamba ni rafiki wa mkulima, na ni kweli, kwa sababu yeye na watoto wake hula vidukari, wale wadudu wadogo walaini wanaojazana kwenye vikonyo vya kunde na bamia. Lakini katika ukoo huo huo wapo waliogeukia majani. Kwenye maboga, matango na matikiti utamkuta mwenye umbo lile lile na madoa yale yale, isipokuwa mgongo wake umefifia, hauna mng'ao, na ukimwinamia utaona vinyweleo vifupi. Huyu si rafiki. Anakwangua nyama ya jani na kuacha wavu wa mishipa. Utawatenganishaje kwa rangi, wakati wote wawili wana madoa? Watenganishe kwa jani. Kama jani ni zima na limejaa vidukari, uliyemkuta yuko kazini kwa niaba yako. Kama ni jani la boga, halina kidukari hata mmoja na limebaki kimia, basi unajua nani amelila. Hata watoto wao wanajitaja: wa rafiki ni mweusi au kijivu mwenye alama za rangi ya chungwa, mwembamba na mwepesi wa kukimbia, wa mla majani ni wa manjano, ana miiba mwilini, na hana haraka yoyote. Masikitiko yangu ni kwamba yule mweusi anayekimbia ndiye anayeuawa zaidi, kwa kuwa anatisha.

Hii inatupeleka kwenye nusu ya pili ya swali letu, ile ya kazi. Anafanya nini pale? Wadudu wa majani kwa sehemu kubwa wana midomo ya aina mbili. Wapo wanaotafuna, hao huacha matundu, kingo zilizoliwa na vinyesi vidogo vyeusi. Wapo wanaofyonza, nao hawaachi tundu hata moja. Jani la mfyonzaji hujikunja, hugeuka manjano, hunata, au hupata masizi meusi juu yake, kwa sababu utomvu mtamu wanaoutoa huota ukungu. Kwa hiyo mtu anayesema "nimeona mdudu na jani lina matundu" bado hajasema kwamba mdudu huyo ndiye aliyetoboa. Huenda mtoboaji hufanya kazi usiku na mchana amelala udongoni, na uliyemkuta amekuja kumtafuta. Panzi akitulia juu ya kisamvu, hiyo peke yake si kesi. Na pale kwenye kisamvu, wenye madhara makubwa kuliko wote ni wadogo ambao hawamtishi mtu: inzi weupe wa chini ya jani, wanaoruka kama vumbi ukitikisa shina. Wao ndio wanaosambaza batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa yanayoharibu muhogo. Mtu anamkimbiza panzi kwa fimbo, na inzi weupe wako pale pale wanaendelea.

Niruhusu nikae kidogo zaidi kwenye mti mmoja wa Pwani, mnazi, kwa sababu ushahidi wake upo karibu nasi, hapo Mikocheni, ndani ya Kinondoni. Mwenye mnazi, mwembe au mkorosho anawajua maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba na kuuma bila kukuonya. Wengi wetu tunawachoma moto. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Michael Way, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika minazi ya Zanzibar. Minazi iliyotawaliwa na maji moto ilipona kwa kiasi kikubwa dhidi ya mdudu wa kahawia ambaye hufyonza vidaka vya nazi hadi vikadondoka vingali vichanga, au vikakomaa na makovu yanayotoa gundi. Mdudu huyo hata leo kitaalamu anabeba jina la mtafiti huyo, Pseudotheraptus wayi. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanza mwaka 1979 na ambao kituo chake cha Mikocheni leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ulishughulika sana na chungu hawa. Na ikajulikana kwamba kuna sisimizi wadogo wa kahawia wanaochimba viota udongoni, kwenye shina la mnazi, ambao huwafukuza maji moto na kuuacha mti bila mlinzi. Chungu ni chungu, utasema. Lakini mmoja ameshona nyumba juu na anawinda, mwingine yuko chini na anamwondoa mwindaji. Ukitazama wanakokaa na wanachofanya, huwezi kuwachanganya.

Msikilizaji makini wa Mtoni au Kunduchi atanisimamisha hapa: mbona maji moto hao hao wanawafuga wadudu wanaofyonza, wanawalinda ili wapate utamu wao? Ni kweli, na sifichi. Ukiona maji moto wakipanda na kushuka kwenye mchungwa, tazama wanakokwenda. Kama wamezunguka kundi la wafyonzaji kwenye chipukizi, hapo wanakugharimu. Kama wamebeba panzi aliyekufa, wanakulipa. Chungu huyo huyo anaweza kuwa na hesabu mbili kwenye miti miwili ya uani kwako, na kwa hiyo jina peke yake lisingekusaidia kuamua.

Hata hivyo, ipo hoja nzito zaidi dhidi yangu, na haitakuwa haki kuipita. Je, kuna wakati jani linashindwa, na jina sahihi ndilo linaloamua kila kitu? Upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Kongo, mihogo ilianza kudumaa vilele, imefunikwa na unga mweupe. Walikuwa wadudu wageni waitwao vidung'ata, na ndani ya miaka michache walisambaa hadi nchi nyingi za Afrika, katika miaka ya 1980 wakafika na Tanzania. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini, kwa hiyo wataalamu walikwenda huko kutafuta adui wa asili wa vidung'ata hao. Kaskazini mwa bara hilo waliwakuta vidung'ata kwenye mihogo, wa jani lile lile na unga ule ule, wakaona wamefika. Lakini maadui wa vidung'ata hao hawakuwafaa wale wa Afrika. Ikadhihirika kwamba ni jamii mbili: wale wa kule walikuwa wa manjano na wana madume, wa Afrika ni wa rangi ya waridi na ni majike matupu yanayozaa bila dume. Wa kwetu walikuja kupatikana Paraguay mwaka 1981, pamoja na nyigu mdogo kuliko punje ya mchele anayetaga ndani ya miili yao. Nyigu huyo akaachiwa Nigeria mwaka huo huo, kisha katika nchi nyingine nyingi, na janga likatulia bila mkulima kununua dawa. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo kutoka taasisi ya IITA ya Ibadan, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Nakubali basi: pale jani liliwapoteza wataalamu, na rangi, ambayo nimeisema vibaya tangu tuanze, ilisaidia. Lakini angalia kwamba hata pale kilichofungua jicho kilikuwa kazi: nani anamla nani, na wanazaaje. Na mpapai wako wa uani leo unakudai uangalifu wa aina hiyo hiyo. Katika miaka ya karibuni pwani yetu imepata vidung'ata wa mipapai, wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Hawa si wachaguzi. Utawakuta kwenye mpapai, kwenye muhogo na hata kwenye maua ya uzio. Kwa hiyo ukiona unga mweupe kwenye muhogo, usiishie kwenye jani hilo, tazama na majirani zake. Ikiwa kilele cha muhogo kimejikunja na mimea mingine ni safi, shuku wale wa muhogo. Ikiwa mpapai wa pembeni nao umevaa pamba, uwezekano mkubwa ni hawa wengine. Na kwa kuwa nyigu wa huyu si nyigu wa yule, hapo ndipo mtaalamu anapohitajika, wala hakuna aibu kumtafuta.

Kijana mmoja ananiambia kimoyomoyo: mzee, hizi ni habari za zamani, simu yangu inapiga picha na kunitajia jina papo hapo. Vizuri, itumie. Lakini jiulize picha zilizoifundisha programu hiyo zilipigwa wapi. Nyingi ni za wadudu wa Ulaya na Marekani, na simu haioni kwamba nyuma ya jani kuna vidukari, wala haijui kwamba hilo ni tembele. Usipoiambia, itakupa jina la binamu yake wa mbali kwa kujiamini kabisa. Piga picha ya mdudu, ya jani zima, na ya upande wa chini wa jani. Wapo pia wanaosema, nikikaa kutazama, mchicha utaisha. Mchicha ni mboga ya wiki chache tu tangu kusia mbegu, naelewa haraka hiyo. Ila dawa ikipulizwa leo na mboga ikavunwa keshokutwa, sumu inakwenda sokoni na nyumbani. Na dawa isiyochagua huua kwanza wawindaji, ambao ni wachache na wanazaana polepole, kisha vidukari waliobaki wanarudi kwa wingi bila wa kuwazuia. Ile dawa ya mbu ya chumbani ndiyo isifike kabisa kwenye mboga. Dakika tano za kugeuza majani hazijamaliza tuta la mtu yeyote.

Kuhusu usalama wako, nitasema kwa kifupi. Kutazama si kushika. Kiwavi mwenye manyoya msogeze kwa kijiti. Na msimu wa mvua jihadhari na nzi wa Nairobi, ambaye si nzi bali ni mbawakawa mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi, anayeinua mkia akitembea. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi, maji ya mwili wake yanaunguza na kuleta malengelenge. Akikutua shingoni mpulize au msogeze kwa karatasi, halafu nawa kwa sabuni. Bustanini, niongeze, yeye ni mla wadudu wenzake.

Sasa tuseme umetazama yote hayo na bado mgeni wako hajulikani. Kata jani pamoja naye, uliweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana ndani ya plastiki jani hutoa jasho likaoza. Andika jina la mmea, mahali, tarehe, na ulichoona akifanya: anatafuna, anafyonza, anawinda, au amepumzika tu. Andika pia kama mimea ya jirani inaye. Mpelekee ofisa ugani wa kata yako, ambaye wengi tunamwita bwana shamba, au wakazi wa upande wa Kinondoni fikeni TARI Mikocheni. Kwa mdudu anayeelekea kuwa mgeni nchini, wenye dhamana ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Jiji letu lina bandari, matunda na miche huingia kila siku, na jani la uani kwako Temeke linaweza kuwa la kwanza kumpokea mgeni kabla ofisi yoyote haijasikia habari zake. Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Wiki ijayo tutazungumzia jani lenye madoa lisilo na mdudu hata mmoja. Usiku mwema.